SOMO: NYAYA ZA GARI KUUKUU KATIKA GARI LENU JIPYA



Kikundi kimoja nilichokitembelea kilijiundia pikapu ya kubeba maziwa na mahindi. Chesisi ilitoka gari moja, injini gari lingine, na bodi ilikuwa ya mbao na mabati. Kazi ya kulehemu ilikuwa safi kabisa. Lakini kwa upande wa umeme waliambiwa, "waya ni waya tu." Fyuzi ya taa ikawa inaungua kila mara. Mtu akachoka, akaweka kipande cha waya wa ua mahali pa fyuzi. Jioni hiyo hiyo moshi ukatoka chini ya dashibodi. Hakuna aliyeumia, lakini nyaya zote ziliteketea, na michango ya miezi mingi ikaenda nazo.

Basi leo tujifunze jambo hili pamoja, ili hata kama kazi ni ya fundi, ninyi wenye pesa mjue cha kumuuliza.

1. Kuchagua gari la vipuri

Nyaya za gari kuukuu ni nafuu, na tena huja na soketi zake, swichi zake na sanduku la fyuzi. Ni vizuri injini na nyaya zitoke gari moja. Injini ya dizeli ya zamani haina shida kubwa, kwa maana inahitaji nyaya chache. Lakini ikiwa injini inaendeshwa kwa kompyuta, chukueni pia kompyuta yake, na ufunguo wake pamoja na kifaa kinachoutambua. Mkiacha kimoja, injini inaweza kukataa kuwaka.

Muulizeni muuzaji nakala ya logibuku na risiti. Msinunue mali ya wizi.

2. Kutoa nyaya

Kwanza ondoeni waya wa hasi (–) kwenye betri. Kisha wekeni alama kabla ya kufungua kitu chochote: bandikeni tepu kwenye kila soketi na kuandika "taa ya mbele kulia", "honi", "stata". Pigeni picha kwa simu. Msitegemee rangi peke yake, kwa sababu kila kampuni ya magari ina mpango wake wa rangi.

Msikate kwa kisu ili kumaliza haraka. Fungueni soketi moja moja, mtoe fungu zima. Waya unaoonekana hauna kazi leo, kesho utagundua ndio uliokuwa wa chaji.

3. Kulaza nyaya kwenye gari jipya

Tandazeni fungu lote juu ya chesisi kabla ya kufunga. Kama gari lenu ni refu zaidi, waya wa nyuma utapungua. Ungeni kwa waya wenye unene ule ule au zaidi, usiwe mwembamba. Kiungo kibanwe au kilehemiwe kwa risasi, kisha kifunikwe vizuri. Kusokota na kuzungushia tepu tu hakutoshi, barabara zetu zitakifungua.

Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, wekeni mpira. Uwe mbali na bomba la moshi na usiguswe na kitu kinachozunguka.

4. Njia ya kurudi

Umeme hutoka kwenye betri, hufanya kazi, halafu lazima urudi. Katika gari la chuma hurudi kwa kupitia bodi. Bodi ya mbao haipitishi umeme! Kila taa iliyofungwa kwenye mbao ipewe waya wake wa kurudi mpaka kwenye chesisi, na hapo rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Injini nayo iunganishwe na chesisi kwa waya mnene. Mkiona mmewasha indiketa na taa nyingine inapepesa, anzeni kutafuta hapa.

5. Fyuzi ni mlinzi wa waya

Hesabu ni rahisi: gawanya wati kwa volti. Taa mbili za mbele za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa 12, unapata karibu ampea 9. Fyuzi ya 15 inatosha, mradi waya wenyewe unaweza kubeba ampea 15 bila kupata moto. Fyuzi ikiungua inawaambia kuna kosa. Tafuteni kosa. Msiweke kubwa zaidi, wala waya, wala karatasi ya sigara.

6. Kujaribu

Msiunganishe waya mnene wa stata kwanza. Toeni fyuzi zote. Chukueni balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili, muiweke mahali pa fyuzi moja, swichi ikiwa imezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna waya unaogusa chuma. Itakuwa imewaonya bila kuchoma kitu. Isipowaka, wekeni fyuzi yake, mjaribu kifaa, kisha mwende kwa inayofuata. Hivyo mpaka mwisho.

Kabla ya kubeba mzigo wowote, gari lipite ukaguzi wa NTSA, na mabadiliko ya injini na bodi yaandikishwe.

Maswali ya kujadiliana

– Ni nani katika kikundi chetu atasimama na fundi siku ya kujaribu umeme?

– Je, tumetenga pesa za fyuzi, soketi na waya mpya, au tumehesabu bodi na rangi peke yake?

– Gari likizima usiku njiani, dereva wetu ana fyuzi za akiba, au atatafuta waya wa ua?