Moshi wa bluu asubuhi: pima oili kabla ya kufungua injini

Mvua za kwanza zikigusa Usangu na Kyela, pawatila zilizolala bandani tangu mavuno huburutwa nje, hendeli ikapigwa, na bomba likatema wingu la moshi wa bluu hadi kuku wakahama uani. Dakika moja baadaye wingu limekatika na injini inanguruma kama kawaida. Lakini jioni yake mwenye chombo ameshaambiwa kwamba ringi zimekwisha, injini ifunguliwe, na hela itafutwe. Maswali ninayopata msimu huu mengi ni ya namna hiyo. Jibu langu ni moja: usifungue bado.

Tunaozungumzia hapa ni wale wazee, injini za dizeli za silinda moja zenye nguvu ya farasi kati ya 8 na 15. Nyingi zilisambaa vijijini baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri zilipohimizwa kununua pawatila kwa ajili ya vikundi vya wakulima. Zimelima majaruba, zimevuta tela la mpunga, zimeendesha pampu. Injini ya umri huo ikitoa moshi kidogo inapoamka, haijafanya ajabu.

Sababu iko kwenye umbo lake. Silinda ya injini hizi imelala, pistoni inakwenda mbele na nyuma badala ya kupanda na kushuka. Ukizima, oili iliyobaki kwenye kuta za silinda huchuruzika na kukusanyika upande wa chini, kisha ikapenya polepole kwenye mianya ya ringi kuelekea chumba cha kuunguzia mafuta. Nyingine hupitia pembeni mwa shina la valvu, mahali palipotanuka kwa kusuguliwa miaka yote hiyo. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini kikishika moto asubuhi kinatosha kulijaza banda moshi. Kikiisha kuungua, moshi nao unaisha.

Sasa angalia pawatila yako inavyoegeshwa. Kwa kawaida kichwa cha silinda kinatazama mbele, na uzito wa injini uko mbele ya ekseli. Mguu wa kuegeshea ukiwa umekatika au umezama kwenye tope, pua yote inainama na oili inafuata mteremko hadi kichwani. Nimeona watu wakigharimia seti nzima ya ringi kwa tatizo ambalo kipande cha mbao chini ya pua kingelimaliza. Egesha chombo kikiwa sawa kwa siku tatu, kisha uone moshi wa kuwashia umepungua au la.

Jambo la pili ni kiwango cha oili, na hapa ndipo wakulima wengi wanajiumiza kwa nia njema. Mtu anapima chombo kikiwa kimeinama, stiki inaonyesha pungufu, anaongeza. Kesho anaongeza tena. Krenki inaanza kuipiga oili iliyozidi, inarushwa kwa wingi kwenye silinda, ringi zinashindwa kuikwangua, na moshi unakuwa wa kutwa. Pima injini ikiwa imepoa, imesimama sawa, na oili isivuke alama ya juu. Stiki ikipanda bila wewe kuongeza kitu, basi dizeli au maji yanaingia kwenye oili. Hapo usiwashe tena kabla fundi hajaona.

Nenda pia kwenye eya klina. Zile za kizamani zina bakuli la oili la kunasa vumbi, nalo lina mstari wake. Dereva akilijaza hadi juu, injini inaivuta ile oili pamoja na hewa na kuiunguza. Hilo si la kuchekea: injini ya dizeli inaweza kukimbia yenyewe kwa oili hiyo, mwendo ukapanda bila breki, na hata ukifunga dizeli isizime, maana imeshapata mafuta mengine. Ikitokea, vuta kile kishikizo cha juu ya kichwa kinachoachia mbano, au ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao. Usizibe kwa kiganja, na nguo nyepesi itamezwa. Watoto wakae mbali na gurudumu la injini.

Kabla ya kuendelea, hakikisha moshi wenyewe ni wa bluu. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi ni mafuta yasiyoungua, na kwenye baridi ya Makete au Njombe huo ni wa kawaida hadi injini ipate joto. Usipokatika, nozeli au mbano una walakini. Mweupe ukiambatana na maji yanayopungua kila siku, au viputo kwenye tangi la maji injini ikiwa bado ya baridi, unamaanisha gasketi ya kichwa. Mweusi ni mzigo kupita kiasi au eya klina iliyoziba.

Ukisharidhika kwamba ni wa bluu, kipimo cha kweli ni oili inayoliwa, wala si ukubwa wa wingu. Jaza hadi alama ya juu, lima siku nzima, acha ipoe, kisha ongeza kutoka chupa ya maji ya nusu lita hadi alama ileile. Kilichotoka kwenye chupa ndicho kilicholiwa, alimradi huoni uvujaji chini ya injini. Robo chupa kwa injini ya farasi 12 iliyozeeka, mimi nalima nayo msimu mzima bila wasiwasi. Ikimaliza chupa kwa siku moja, na moshi ukiendelea hata shambani chini ya mzigo, sasa fundi ana kazi. Dalili ya kumthibitishia: zungusha hendeli taratibu bila kuachia mbano. Injini yenye ringi nzima inakataa na kukurudisha. Iliyochoka inapita kwa ulaini, na kwenye pumuo la oili unasikia hewa ikipenya. Lisafishe pumuo hilo kwanza, maana likiziba, hewa iliyonaswa ndani husukuma oili kokote inakopata njia.

Wenye pampu ndogo za petroli za bustani wana kisa chao. Pampu inafungwa nyuma ya bodaboda ikiwa imelala ubavu, ikifika mtoni inavutwa kamba na moshi unafunika shamba la nyanya. Oili imemwagikia ndani ya silinda njiani. Isimamishe sawa, na kamba ikigoma usilazimishe: toa plagi, vuta mara kadhaa oili itoke, kausha plagi, rudisha. Safari ijayo isafiri imesimama.

Kuhusu oili yenyewe, injini kongwe inapenda SAE 40 au 15W-40 ya dizeli, ibadilishwe kila saa 100 hivi za kazi, au mapema zaidi ukilima kwenye vumbi. Usinunue ile ya kupimiwa kwenye chupa za soda barabarani, hata muuzaji akiwa shemeji yako. Na huu mtindo wa kuwasha injini dakika mbili kila Jumapili "isigande" uachwe. Haipati joto, masizi yanaganda kwenye ringi, na unyevu unabaki ndani ya oili. Ukiiwasha, ipe kazi mpaka ichemke vizuri.

Ikibidi kubadili ringi, mwambie fundi apime pia silivu, yaani bomba ambamo pistoni inakwenda. Silivu iliyolika ikiwa na umbo la yai, ringi mpya zitakula oili vilevile, nawe utakuwa umelipa mara mbili. Dukani nenda na pistoni ya zamani mkononi, kwa sababu injini ya R175 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 75 na ya R180 milimita 80, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote iliyo karibu.