Kulinganisha Damu Kabla ya Kumwongezea Mgonjwa

Watu wengi huamini kwamba damu ya kundi lilelile, ikishapimwa maradhi, ni salama kwa kila mgonjwa wa kundi hilo. Imani hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Ili kuona kinachopungua, tuanze na chembe moja nyekundu ya damu.

Chembe nyekundu ni kifuko kidogo kilichojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Juu ya ngozi ya kifuko hicho kuna molekuli za sukari na protini zinazochomoza nje. Molekuli hizo huitwa antijeni. Kila mtu hurithi antijeni zake kwa baba na mama, na mwili wake huzitambua kuwa zake.

Kingamwili nayo ni protini inayoelea katika majimaji ya damu. Kazi yake ni kunasa antijeni ngeni, na kila kingamwili ina antijeni yake inayoifuata.

Mwaka 1901, mjini Vienna, Karl Landsteiner alieleza kilichotokea alipochanganya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na chembe za watu mbalimbali. Baadhi zilishikamana mabonge, nyingine zikabaki zimetawanyika. Hapo ndipo makundi ya A, B na O yalipojulikana. Mtu wa kundi A ana kingamwili dhidi ya B. Wa O ana kingamwili dhidi ya A na B. Kingamwili hizi hujitokeza tangu uchanga, hata kama mtu hajawahi kuongezewa damu. Ndiyo maana mgonjwa wa O akipewa damu ya A, chembe alizopewa huweza kupasuka ndani ya dakika chache, figo zikaharibika, hata akafariki.

Hata hivyo, chembe nyekundu ina antijeni nyingine nyingi, zikiwemo za mifumo ya Rh, Kell, Duffy na Kidd. Kingamwili dhidi ya hizi kwa kawaida hazipo mpaka mwili ukutane na antijeni ngeni, kwa kuongezewa damu au kwa ujauzito. Kwa hiyo watu wawili wa kundi moja wanaweza kutofautiana sana. Mgonjwa wa selimundu, anayeongezewa damu mara kwa mara tangu utotoni, yumo katika hatari zaidi ya kupata kingamwili hizo.

Kingamwili za namna hii mara nyingi hunasa chembe bila kuzishikamanisha, hivyo macho hayaoni kitu. Mwaka 1945, Robin Coombs na wenzake Uingereza walieleza njia ya kuzifichua. Mtaalamu wa maabara huchanganya seramu ya mgonjwa na chembe za mchangiaji katika neli ndogo ya kioo, akaiacha kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili. Kisha huziosha chembe kwa maji ya chumvi, akatia kitendanishi kinachoziunganisha kingamwili zilizonasa. Baada ya kuizungusha neli kwa mashine, huitikisa taratibu mbele ya mwanga. Chembe zikitawanyika kama wingu jekundu, hakuna kingamwili iliyoonekana. Zikibaki vipunjevipunje, chupa ya damu ya mchangiaji yule haimfai mgonjwa huyo.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Kingamwili huweza kupungua kadiri miezi inavyopita hadi kipimo kisizione, ilhali mwili bado unaikumbuka antijeni ile. Ikirudi kwa chupa nyingine, kingamwili huzalishwa upya kwa wingi. Siku kadhaa baadaye macho huwa manjano, mkojo hukoza rangi, na damu hupungua tena.

Kwa sababu hiyo, usalama hautegemei neli peke yake. Unahitaji sampuli iliyoandikwa jina pale pale kitandani, na muuguzi anayelinganisha jina la mgonjwa na la kwenye chupa kabla ya kuitundika. Unahitaji pia mgonjwa, au ndugu yake, atakayesema bila kuulizwa mara mbili: niliwahi kuongezewa damu, niliwahi kubeba mimba, niliwahi kuambiwa nina kingamwili. Kadi yenye maelezo hayo itunzwe vizuri, kwani yaliyoandikwa humo huenda maabara isiweze tena kuyaona.