SOMO: Tuzibe Paa la Ghala Kabla ya Mvua



Huku kwetu Eldoret na Uasin Gishu yote mahindi tunavuna kuanzia Oktoba, na mvua ndefu hufika mwisho wa Machi au Aprili. Kwa hiyo chakula cha kutufikisha mavuno mengine kitakaa ghalani miezi yote ya mvua, na kinachokikinga ni bati tu. Ndiyo maana somo hili tunalianzia ghalani, nyumba itafuata. Nyumba ikivuja utaweka sufuria chini ya tone. Lakini gunia likilowa huko juu ya lundo, hutajua mpaka siku ya kulifungua.

Na hasara yenyewe si ya pesa peke yake. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui huko Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuyapika hakuiondoi. Wengine husema, basi tumpe ng'ombe. Jamani, sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo wanayokunywa watoto.

Kwanza tafuteni tundu. Maji yakishapenya hutambaa juu ya mbao kabla ya kudondoka, kwa hivyo mahali palipolowa si lazima pawe chini ya tundu. Ingieni ghalani mchana jua likiwaka, fungeni mlango, mngoje macho yazoee giza. Matundu yataonekana kama nyota. Chomekeni bua la nyasi katika kila moja ili aliye juu alione. Angalieni pia alama za maji kwenye mbao karibu na misumari, maana msumari uliolegea huvuja bila kuonyesha mwanga.

Mara nyingi mkosaji ni msumari. Mbao hukauka, upepo hulitikisa bati, msumari hupanda kidogo kidogo na mpira wake huchakaa. Kuugonga tena kwenye tundu lile lile hakusaidii, baada ya muda utatoka tu. Ung'oeni, mzibe tundu la zamani, halafu mpige mwingine wa mabati ulio mrefu zaidi, pembeni kidogo, juu ya mgongo wa bati. Usipigwe bondeni kwa sababu ndiko maji yanakopita. Mpira ukikosekana, kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli uweke chini ya kofia ya msumari. Misumari myeusi ya mbao haifai juu ya paa. Inashika kutu haraka na kuliharibu bati.

Tundu lenyewe huzibwa na lami ya baridi, ile inayouzwa kwa kopo kwenye hadiwea. Sugueni kutu kwa brashi ya waya mpaka bati liwe safi na kavu. Pakeni lami, mlaze kipande cha kitambaa kigumu (gunia la katani linafaa) kinachopita ukingo wa tundu kwa vidole vinne kila upande, kisha mpake lami nyingine juu mpaka kitambaa kisionekane. Iacheni ikauke kabla ya mvua. Kama bati lote limetoboka kama chujio, usipoteze lami, nunua bati. Na ukinunua kumbuka: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, hata kama muuzaji anasifu.

Mawe na magurudumu tuliyozoea kuweka juu ya paa ili lisipeperushwe yaondolewe. Maji hukaa chini yake na kutu huanzia hapo. Paa lipigiliwe misumari ya kutosha.

Kupanda: mmoja ashike ngazi, asiondoke. Kanyaga kwenye mistari ya misumari maana chini yake kuna mbao, na usipande bati likiwa na umande. Paa la asbesto msilisugue wala kulitoboa. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Kazi hiyo ni ya wenye ujuzi na vifaa.

Mkiwa bado na ngazi, safisheni gata pia, hasa palipo na miti karibu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la mita 6 kwa 5, mvua ya milimita 20, ni lita 600, karibu mapipa matatu. Gata iliyoziba humwaga hayo yote kwenye msingi wa ukuta, na ukuta wa udongo hauvumilii.

Mahindi yenyewe mnaweza kuyapima kwa chumvi. Tieni chumvi kavu na mahindi kidogo katika chupa kavu, mtikise, mngoje kama dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yaanikeni tena.

Kopo moja la lami ni kubwa kwa ghala moja, na ngazi si ya kila boma. Kwa hiyo afadhali kikundi kinunue pamoja na kuzunguka kama mnavyofanya na merigoraundi, mkianza kwa wajane na wazee wasioweza kupanda. Atakayeongoza sala anaweza kufungua Mhubiri 10:18, mstari wenyewe unahusu paa. Kabla ya mkutano ujao kila mwanachama ahesabu matundu ya ghala lake na kumpa mweka hazina idadi, ili ajue makopo mangapi ya kununua.