SOMO LA AFYA: KOLESTEROLI NZURI NA FEDHA YA VIDONGE

Kolesteroli ni mafuta yaliyomo katika damu ya kila mtu. Ile mbaya hujijenga katika kuta za mishipa na kuiziba; ile nzuri huyachukua yaliyozidi na kuyarudisha kwenye ini ili yaondolewe mwilini.

Mwanachama apendaye kuiongeza ile nzuri na azingatie haya:

1. Kazi ya mwili: kulima, kuendesha baiskeli au kutembea kwa haraka, dakika 150 au zaidi kwa juma.

2. Kuacha sigara, kwani huipunguza.

3. Chakula: samaki; maharage, karanga, na mafuta ya alizeti mahali pa samli hushusha hasa ile mbaya. Mafuta ya nazi huongeza ile nzuri, lakini huongeza na mbaya pia.

Vidonge vya niasini, yaani vitamini B3, huipandisha kolesteroli nzuri. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2011 na 2014 yalionyesha kuwa wagonjwa waliokuwa tayari wakitumia dawa za kushusha ile mbaya hawakupata kinga zaidi ya moyo kwa kuongezewa niasini. Kupanda kwa kipimo si kupona. Dawa iliyoandikwa na daktari isiachwe.

Swali la majadiliano: Mwanachama alipwapo fedha ya mazao, anunue vidonge asivyoandikiwa, au samaki na maharage ya jamaa yake?