Kufundisha Historia kwa Maandishi ya Msafiri: Mfano wa Richard Burton

Mwalimu anayejiandaa kufundisha habari za wapelelezi katika Afrika Mashariki hukabiliwa na tatizo moja kubwa: sehemu kubwa ya maandishi anayoyategemea yaliandikwa na wapelelezi wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuyatumia maandishi hayo bila kutawaliwa nayo.

Mfano wetu ni Richard Burton (1821–1890), Mwingereza aliyekuwa askari wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, mwandishi wa safari, na mtungaji wa kitabu juu ya historia ya upanga kilichotoka mwaka 1884. Aliwasili Unguja Desemba 1856 pamoja na John Speke. Juni 1857 walivuka hadi Kaole, karibu na Bagamoyo. Novemba wakafika Kazeh, yaani Tabora. Na Februari 1858 wakafika Ujiji. Taarifa yake ya safari hiyo ilichapishwa London mwaka 1860 katika juzuu mbili.

Kosa la kuepukwa

Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, niliandika ubaoni, katika shule moja ya Temeke, kwamba Burton “aligundua” Ziwa Tanganyika. Msichana mmoja wa darasa la sita akauliza, “Mwalimu, nani alimwonyesha njia?” Sikuwa na jibu, nami nikamwamuru akae. Hata leo sioni haya kwa kutojua kwangu kama nionavyo haya kwa kumnyamazisha mtoto yule.

Jibu lilikuwapo. Msafara ule ulifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi. Miongoni mwa waliouhudumia alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa Uhindi, kisha akarejea Afrika baada ya bwana wake kufariki. Baadaye alisafiri tena na Speke, halafu na Stanley na Cameron, akafariki mwaka 1885. Sehemu ya maisha yake tunaijua kwa sababu Speke aliiandika. Kwa hiyo hata sauti yake imetufikia kwa kalamu ya mwingine.

Hatua za somo

1. Ramani. Wanafunzi wachore njia ya Kaole, Tabora na Ujiji, kisha waeleze ni watu gani waliokuwa wakiitumia kabla ya mwaka 1857.

2. Safu mbili. Burton aliwaandika Waafrika kwa dharau nyingi. Si vema kulificha jambo hilo, wala si vema kuyasoma matusi mbele ya watoto. Mwalimu agawe ubao katika safu mbili: “Aliyoyaona” na “Aliyoyahukumu”. Habari za bidhaa, vituo na mwendo wa msafara ziingie safu ya kwanza; maoni yake juu ya tabia za watu yaingie safu ya pili.

3. Mnyororo wa lugha. Agosti 1858 Speke, akiwa na Bombay, aliliona ziwa kubwa la kaskazini akadai kuwa ndilo chimbuko la Nile. Burton, aliyebaki Kazeh, hakukubali. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani. Maneno ya wenyeji yalipita lugha kadhaa kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi watano wapelekeane ujumbe kwa kunong’ona, kisha darasa lilinganishe mwanzo na mwisho wake. Hata hivyo, mwalimu aongeze kwamba safari za baadaye, hasa ile ya Stanley ya mwaka 1875, zilimuunga mkono Speke. Habari iliyopitia midomo mingi yataka kuchunguzwa, si kutupwa.

4. Hatima ya nyaraka. Baada ya Burton kufariki huko Trieste mwaka 1890, mkewe, Isabel, aliunguza mswada wa tafsiri yake ya mwisho na sehemu kubwa ya shajara zake. Tusomayo leo ni yale yaliyosalia. Wanafunzi waulize nyumbani ni karatasi gani zimehifadhiwa: barua, vyeti, stakabadhi. Wasizilete shuleni, wanakili mstari mmoja tu kwa idhini ya wazazi. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalitukumbusha kwamba si moto peke yake uangamizao kumbukumbu. Asiye na karatasi asidhaniwe kuwa hana historia. Na amhoji mzee wake, aandike jina la msimulizi na tarehe.

Maswali ya kujadiliana

(a) Neno gani lingefaa mahali pa “aligundua”?
(b) Kama Bombay angeandika kitabu chake mwenyewe, kingetueleza nini ambacho Burton hakukieleza?
(c) Ni nani aliyeamua tusome nini juu ya Burton, na nani ataamua juu ya mtaa wetu?

Mwanachuo atakayeulizwa na mtoto swali asiloliweza hana budi kuliandika ubaoni, akiri kwamba halijui, na kulitafuta pamoja na darasa. Kazi ya mwanahistoria huanzia hapo.