Willy Gamba Chini ya Desa

Mwanachuo mwenzangu, kabla hujaendelea, hebu jiulize: ni kitu gani unakipenda sana, lakini mlango ukifunguliwa ghafla unakificha? Nawajua watu hosteli wanaosikiliza singeli kwa sauti ya chini kama wanaiba. Namjua kaka mmoja wa uhandisi anayelia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, halafu anasema ni vumbi. Mimi nilikuwa naficha riwaya za Elvis Musiba.

Nasoma Kiswahili, mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza, kwenye semina, tuliambiwa kila mmoja ataje riwaya iliyomkaa moyoni. Zamu yangu ilipofika nikasema Nagona, ile ya Kezilahabi ya mwaka 1990. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika ukurasa wa tisa, na kurasa hizo tisa sikuzielewa. Bahati mbaya dada mmoja aliyekuwa ameisoma kweli akaniuliza swali. Kilichofuata sitakieleza. Na muda wote huo ndani ya begi langu, chini ya desa la fonolojia, kilikuwemo Kufa na Kupona.

Aibu hii ina historia yake, na somo la leo linaanzia hapo. Wahakiki wetu wamezoea kuigawa riwaya mafungu mawili: riwaya dhati, inayochimba maisha na kumwachia msomaji maswali, na riwaya pendwa, yenye upelelezi, mapenzi na risasi, inayosomwa haraka na kuazimwa mpaka jalada linatoka. Mgawanyo huo unasaidia kufundishia, sikatai. Tatizo ni pale unapogeuka kuwa ngazi ya watu: anayesoma hiki ni msomi, anayesoma kile ni wa kijiweni.

Lakini angalia ngazi yenyewe inavyocheza. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi. Bwana Msa wake ni mpelelezi wa kuvuta kiko, ndugu wa karibu kabisa wa Sherlock Holmes, na leo hakuna historia ya riwaya ya Kiswahili inayomruka. Huyo Sherlock Holmes naye, Conan Doyle aliyemuumba alimwona anamzuia kuandika mambo mazito, akamuua mwaka 1893. Wasomaji wakagoma, na miaka michache baadaye ikabidi amfufue. Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikawa kitabu cha kutahiniwa. Kwa hiyo mtu aliyeificha mwaka ule chini ya godoro na mtu aliyeisoma kwa ajili ya mtihani walikuwa wanasoma maneno yaleyale.

Sasa niwapeleke kwetu, Mkunya, Newala, maana huko ndiko nilikoharibu.

Mimi sikujifunza kusoma shuleni. Nilijifunza kwa mjomba wangu, kaka yake mama, na sisi Wamakonde mnajua mjomba ni nani. Ana sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake kuna Musiba, Ben Mtobwa, na Simu ya Kifo ya Katalambulla ya mwaka 1965 isiyo na jalada wala kurasa mbili za mwisho. (Nilikuja kujua muuaji nikiwa chuoni.) Jioni alikuwa anakaa barazani na kandili, anawasomea majirani. Mimi nilikuwa nachungulia kwapani mwake nikifuata kidole, mpaka siku moja nikawahi kutamka neno kabla yake.

Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza, korosho zikianza kudondoka, akaniuliza kwa furaha kabisa, "Eti mjomba, huko chuo kikuu Willy Gamba mnamsoma mwaka wa ngapi?" Nikacheka. Nikamjibu, "Mjomba, vile siyo vitabu vya kusomea." Hakusema neno. Akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, akatoka kwenda kuangalia mikorosho. Jioni ile hakutoa kitabu, wala kesho yake.

Wiki nzima baadaye ndipo alipolirudia, tukiwa tumekwenda Newala mjini. Tulisimama pale Shimo la Mungu, bonde lote liko chini yetu likielekea Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Akasema alipokuwa mtoto aliona watu wakipandisha kutoka mtoni na mikeka kichwani, na wengine walikuwa wanaongea lugha yetu. Vita vya FRELIMO vilianza Septemba 1964, huko Chai, na mpaka uhuru wa 1975 watu wa huku waliishi navyo. "Mimi nilimpenda Willy," akasema, "kwa sababu alikuwa anapigana na walewale."

Nilikaa kimya. Nimesoma Kufa na Kupona, ya 1974, mara nne, na sikuwahi kuliona hilo. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibiwa Dar es Salaam, mji ambao Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwepo tangu 1963, na Willy anatumwa kuzifuata. Mimi niliona ngumi na magari. Mjomba aliona mikeka ile. Niliisoma kwa kificho, haraka, sikio likiwa mlangoni, na kitu unachokisoma hivyo huwezi kukichunguza.

Hapa ndipo ninapotenganisha maneno mawili tunayoyachanganya. Kuona haya ni jambo la macho ya watu: wakiondoka, nayo inaondoka. Kusutwa na dhamira kunabaki hata ukijifungia peke yako. Jipime hivyo. Mimi nikiwa peke yangu na Musiba, jalada lile la bastola halinisuti hata kidogo. Kinachonisuta ni wanawake wake: wote wazuri, na wengi wapo ama kumtega Willy ama kumpumzisha. Hilo ni kosa la kweli, na nimelijadili waziwazi tangu nilipoacha kukificha kitabu. Zamani nisingeweza, ningeanzaje kulalamikia kitabu ambacho "sijakisoma"?

Utafiti wangu wa mwaka huu ni Willy Gamba na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kuna rafiki alinicheka kwenye kimbweta, na ukweli masikio yaliwaka moto. Yanawaka bado. Nagona pia nimeimaliza, ni kitabu kikubwa, ila sijawahi kuisoma nikasahau ugali jikoni.

Macho ya mjomba siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo likizo iliyopita msomaji nilikuwa mimi. Baraza ilijaa. Nikafika mahali ambapo Willy anafungua mlango wa hoteli na mwanamke amekaa kitandani, mjomba akanigusa goti.

"Hapo ruka, mama yako anasikia."

Nikaruka. Kurasa mbili mbele akaniinamia sikioni: "Watu wakiondoka, utanirudishia pale."