UGOMVI JUU YA NENO MOJA

Muhula uliopita, jioni moja baada ya masomo ya usiku, wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu walinijia nyumbani wakitweta. Wote wawili ni Wakristo, ila wa makanisa mbalimbali. Walikuwa wamebishana bwenini juu ya Yesu: je, ni sawa na Baba, au yu chini yake? Mmoja alishika Injili ya Yohana, sura ya 10, aya ya 30, inayotaja umoja wa Baba na Mwana. Mwenziwe alishika Injili ile ile, sura ya 14, aya ya 28, inayotaja ukuu wa Baba. Kila mmoja alikuwa amesoma aya yake kwa sauti kubwa kuliko mwenziwe, na tangu hapo hawasemezani. "Mwalimu, tuamulie," wakasema.

Sikuwaamulia. Shule yetu ni ya Serikali, ina watoto wa kila dini, na mwalimu wa historia hakupewa kiti cha askofu wala cha kadhi. Lakini niliwaambia kwamba ubishi wao si mgeni duniani. Watu wenye elimu kubwa walibishana juu ya aya hizo hizo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na namna walivyobishana ina mafunzo kwa kila mtu, awe Mkristo au asiwe. Habari hizo nazieleza hapa.

Chanzo chake

Katika mji wa Alexandria, nchini Misri, palikuwa na padre mmoja jina lake Arius. Alikuwa mtu wa kujinyima na mhubiri hodari, na watu wengi walimpenda. Yapata mwaka 318 alianza kupingana na askofu wake, Alexander. Arius alifundisha kwamba asiye na mwanzo ni mmoja tu, naye ni Baba. Mwana, alisema, ana mwanzo. Aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote, naye ni mkuu kuliko vyote, lakini ni kiumbe. Alexander alikataa kabisa. Kwake yeye, Baba hakuwa kamwe bila Mwana, na Mwana hakuumbwa.

Ukitaka kuwaelewa watu wanaobishana, tazama kwanza kila mmoja analinda nini. Arius alilinda umoja wa Mungu. Aliogopa watu wasije wakawa na miungu wawili. Upande wa Alexander ulilinda wokovu. Walisema: kama Mwana ni kiumbe, basi naye ni mhitaji kama sisi, na kiumbe hawezi kumwunganisha kiumbe mwenziwe na Mungu. Kila upande ulikuwa na kitu cha thamani mkononi, na kila upande uliuona mwingine kuwa mwizi wa kitu hicho.

Shauri halikubaki kanisani. Mwandishi mmoja wa kale asema kwamba Arius alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili mafundisho yake yaenee. Basi yakaenea mpaka bandarini na njiani.

Mkutano wa Nicaea

Mwaka 324 Constantine alimshinda Licinius, akawa Kaizari peke yake katika Dola ya Kirumi. Alitaka amani. Aliwaandikia Alexander na Arius barua akiwaambia kwamba jambo lao ni dogo, halistahili kuwagawanya watu. Barua ile haikufaa kitu, kwa kuwa kwa wenyewe jambo halikuwa dogo hata kidogo. Ndipo akawaita maaskofu mjini Nicaea, mji ambao siku hizi huitwa Iznik, nchini Uturuki. Walikutana mwaka 325. Mmoja aliyekuwako aliandika kwamba maaskofu walizidi 250. Mwingine alisema walikuwa kama 300. Baadaye hesabu ya 318 ikazoeleka. Baadhi yao walikuwa na makovu ya mateso waliyoyapata Wakristo tangu mwaka 303.

Maaskofu walitafuta maneno ya kueleza imani yao. Lakini kila neno walilolitoa katika Maandiko, wafuasi wa Arius waliweza kulikubali kwa maana yao wenyewe. Mwishowe likachaguliwa neno la Kigiriki, homoousios, yaani "wa asili moja": Mwana ni wa asili moja na Baba. Maaskofu wawili walikataa katakata, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Arius. Kaizari aliamuru vitabu vya Arius vichomwe moto. Ndiyo sababu leo maneno mengi ya Arius twayajua kwa kuyasoma ndani ya vitabu vya wapinzani wake. Msomaji wa historia hana budi kulikumbuka jambo hili.

Hapa yafaa kuondoa makosa mawili yanayosimuliwa sana. Wengine husema kwamba mkutano huu ndio uliochagua vitabu vya Biblia. Sivyo, katika kanuni zake 20 na katika tamko lake la imani hamna uamuzi wa namna hiyo. Wengine husimulia kwamba Askofu Nicholas alimpiga Arius kofi mkutanoni. Habari hiyo haimo katika maandishi ya wakati ule. Ilizuka karne nyingi baadaye.

Miaka ya nguvu

Mtu angedhani kwamba ugomvi ulikwisha hapo. La, ndipo ulipokolea. Maaskofu wengi waliotia sahihi hawakulipenda neno lile. Walisema halimo katika Biblia. Tena waliogopa kwamba laweza kuleta maana kwamba Baba na Mwana ni mmoja yule yule mwenye majina mawili. Baada ya miaka michache Constantine mwenyewe alilegea, akamruhusu Arius kurudi. Arius akafa mwaka 336.

Sasa zamu ya kufukuzwa ikawageukia wa upande wa pili. Athanasius, aliyekwenda Nicaea akiwa shemasi wa Alexander, alikuwa amekuwa askofu wa Alexandria mwaka 328. Alifukuzwa mara tano, chini ya makaizari wanne, na miaka aliyokaa nje ya kiti chake yapata 17. Mara ya kwanza, mwaka 335, alipelekwa Trier, mji ulio Ujerumani leo. Mwaka 356 askari waliingia kanisani usiku kumkamata, akatoroka na kujificha jangwani kwa watawa.

Nguvu hizo zilifika mpaka katika pembe yetu ya Afrika. Athanasius ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, katika nchi ya Ethiopia. Basi Kaizari Constantius, aliyempinga Athanasius, aliwaandikia watawala wa Aksum, Aizana na Saizana, akiwataka wamrudishe Frumentius Alexandria ili imani yake ichunguzwe na askofu mpya. Lakini mkono wa Kaizari haukufika huko. Ethiopia ilibaki na imani aliyoileta Frumentius, na Kanisa la huko lamheshimu mpaka leo.

Kwa kifupi, kila upande uliposhika fimbo ulimchapa mwenziwe. Na kila alipochapwa mtu, hakubadili mawazo. Alingoja Kaizari mwingine.

Mwaka 362

Nafuu ilitoka mahali pengine. Mwaka 361 Julian alitawala, Kaizari asiyekuwa Mkristo, akawaruhusu maaskofu waliofukuzwa kurudi makwao. Athanasius akarudi Alexandria, na mwaka 362 akaita mkutano mdogo.

Palikuwa na makundi mawili yaliyoshutumiana. Moja lilisema kwamba katika Mungu mna hypostasis moja. Jingine lilisema tatu. Wa "moja" waliwadhania wa "tatu" kuwa wanaabudu miungu watatu. Wa "tatu" waliwadhania wa "moja" kuwa wanafuta tofauti ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mkutano ule ukafanya jambo jepesi ambalo watu hawakulifanya: uliwauliza. Ninyi msemao tatu, mna maana ya miungu watatu? Wakajibu, hata kidogo. Twasema tu kwamba Baba, Mwana na Roho wapo kweli, si majina matupu. Nanyi msemao moja, mwafuta tofauti zao? Wakajibu, hata kidogo. Twasema tu kwamba asili ya Mungu ni moja. Ikaonekana kwamba neno moja la Kigiriki lilikuwa na maana mbili: hawa walilitumia kwa maana ya asili, hawa kwa maana ya nafsi. Walikuwa wakipigana gizani na ndugu zao.

Njia hiyo iliendelezwa na Basil wa Caesarea, na Gregory wawili, wa Nazianzus na wa Nyssa, waliotenga maana za maneno hayo kwa uangalifu. Mwaka 381 mkutano wa Constantinople ulithibitisha imani ya Nicaea. Nguvu hazikukosekana hata hapo, maana Kaizari Theodosius aliwanyang'anya makanisa waliokataa. Lakini bila kazi ile ya kueleza maana, amri yake ingalikuwa fimbo nyingine tu. Kanuni ya Imani itokanayo na mikutano hiyo miwili husomwa makanisani hadi leo.

Funzo lake

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila ubishi ni wa maneno tu. Arius na Alexander walitofautiana kweli: Mwana aliumbwa, au hakuumbwa? Hata wangelielezana mwaka mzima, swali hilo lingalibaki. Lakini katikati yao palikuwa na watu wengi waliotengwa na neno tu, nao walipoteza miaka mingi, na wengine makao yao, kabla ya kulijua. Ubishi wa neno huponywa kwa kuulizana. Ubishi wa jambo lenyewe huenda usipone, lakini angalau watu watajua hasa wanatofautiana wapi. Kuuliza si ujinga.

Wale vijana wawili niliwapa kazi. Kila mmoja aandike hoja ya mwenziwe, si yake, mpaka mwenziwe aseme, "Ndivyo nisemavyo." Walidhani ni kazi ya nusu saa, iliwachukua siku tatu. Mmoja aliniambia kwamba kabla ya hapo hakupata kumsikiliza mwenziwe mpaka mwisho wa sentensi. Hawajakubaliana, na sidhani kwamba watakubaliana. Lakini wanasemezana, na jana niliwaona wakila meza moja.

Maswali

1. Arius alilinda nini? Alexander alilinda nini?
2. Kwa nini maaskofu wengine hawakulipenda neno lililochaguliwa Nicaea, ingawa walitia sahihi?
3. Kuchomwa kwa vitabu vya Arius kwatuletea shida gani sisi tusomao historia leo?
4. Eleza tofauti iliyopo kati ya ubishi wa neno na ubishi wa jambo lenyewe. Toa mfano mmoja wa kila namna kutoka maisha ya shuleni.